Mpira wa Pili

Mtu aliyeajiriwa kupiga chafya alikuwa ameshachoka kabla ya saa sita mchana. Kazi yake ilikuwa nyepesi kwa kuisema: akae safu ya tatu miongoni mwa watazamaji wa kulipwa, angoje msichana arushe mpira juu, kisha apige chafya moja kubwa, ya mtu asiye na adabu. Lakini chafya haitumwi kama mtoto dukani. Asubuhi alijisaidia kwa ugoro, baadaye hata ugoro ukaisha nguvu. Sasa alikuwa anaunguruma tu, macho mekundu, na waliokaa mbele yake wanajifuta shingo.

"Bwana, hiyo si chafya," mwongozaji wa filamu alisema kwenye kipaza sauti. "Hiyo ni injini inayokataa kuwaka."

Watu wakacheka, kicheko kile cha watu waliokaa juani kupita kiasi. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa kwenye kiti cha turubai nyuma ya kamera, kiti kilichoandikwa MSHAURI mgongoni, na chafya ile ilikuwa ushauri wake. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba chafya ndiyo iliyomwangusha binti yake, na kwamba filamu bila chafya ni uongo.

Filamu ilihusu maisha yao wawili, yeye na binti yake. Mama alikuwa dobi wa hoteli. Dirisha la chumba cha dobi lilitazama uwanja wa tenisi wa wageni, na kwa miaka mingi, akiwa amesimama kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, alimwona mwalimu akiwafundisha wageni mambo yaleyale: kunja magoti, geuza bega, macho juu. Mwenyewe hakuwahi kushika raketi. Alijifunza tenisi kama mtu anavyojifunza ugomvi wa majirani, kwa kuusikia ukutani kila siku mpaka akajua nani ana makosa. Binti yake, aliyekuwa akimfuata nyuma kila aendako, wenzake wa dobi walimwita Mkia, na jina likamganda hata magazetini. Alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala, Mkia alipiga mipira na mama akasimama pembeni akimrudishia maneno ya mwalimu, kwa ruhusa ya meneja ambaye shida yake ilikuwa moja tu, uwanja ufagiliwe.

Baba yake Mkia, dereva wa malori, alikuwepo na yupo mpaka leo. Kwenye filamu walimwondoa. Mwongozaji alisema anachanganya hadithi. Baba mwenyewe alipoambiwa alisema si neno, hata nyumbani huwa hamnioni.

Siku hiyo walikuwa wanapiga picha za tukio la mwisho: fainali ambayo Mkia alishindwa miaka miwili nyuma, kwenye uwanja uleule. Mwigizaji anayecheza kama Mkia alikuwa mzuri wa sura na wa machozi, ila raketi aliishika kama mwiko. Kwa hiyo Mkia mwenyewe, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na anajifunza ufundi wa majokofu kwenye karakana moja mjini, aliombwa aje awe mgongo. Kamera ingemchukua kwa nyuma. Uso ungekuwa wa mwenzake, mikono na kushindwa vingekuwa vyake.

Kushindwa kwenyewe kulikuwa hivi. Katika tenisi anayeanzisha hupewa mipira miwili. Ukikosa wa kwanza, unao wa pili. Ukikosa na wa pili, pointi ni ya mwenzako. Mkia alikuwa amebanwa: pointi moja tu na mwenzake anashinda. Akakosa mpira wa kwanza. Wa pili akaupiga wavuni, na mchezo ukaisha hapo. Mshindi alipelekwa ng'ambo kwenye chuo cha tenisi. Mkia alirudi nyumbani na mfuko wake wa raketi, akalala hadi kesho yake jioni.

Mama hakuuona mpira ule. Alikuwa na mwiko wake, ambao kwenye chumba cha dobi waliujua wote na kuucheka: mpira wa pili hautazami. Mpira wa kwanza aliukodolea macho, wa pili aliangalia viatu vyake, akingoja makofi yamwambie. Siku ya fainali aliangalia viatu. Akasikia chafya, akasikia watu wakiguna, akainua macho na kuwakuta wasichana wawili wameshapeana mikono. Mpiga chafya wa siku ile alikuwa mtunza bustani wa hoteli, mtu wa makamo, mpole. Tangu siku hiyo mama hakuitikia salamu yake. Miaka miwili yule mzee alisema "Shikamoo ya mashuka" kwa utani wake wa kila siku, na kwa miaka miwili mama alipita kama anayepita mti.

Sasa chuo kilekile kilikuwa kimemkumbuka Mkia. Habari za filamu ziliwafikia, nafasi moja ilikuwa wazi, na kocha wao alitaka jibu leo, kabla ofisi haijafungwa jioni. Mama alikuwa ameshalijua jibu. Alikuwa amelitangaza kwenye chumba cha dobi, kwa majirani, na kwa mwongozaji, ambaye alifurahi kupita wote kwa sababu filamu ilikuwa imepata mwisho: msichana anaanguka, msichana anainuka. Mkia alipoulizwa alisema, "Ukitaka, mama."

"Tunarudia," mwongozaji alisema.

Shida ya asubuhi ilikuwa kwamba Mkia hawezi kukosa. Aliambiwa aupige mpira wa pili wavuni, na kila mara mpira uliruka wavu na kuangukia ndani, safi, karibu na mstari. Watazamaji wa kulipwa waliguna walivyofundishwa, mpira ukiwa ndani, wakaonekana wendawazimu.

"Samahani," Mkia alisema. "Mkono unakwenda wenyewe."

"Mcheza kwao hutunzwa," mwongozaji alijibu, "lakini leo mimi nakutunza ukikosa."

Kando ya mama alikaa mwigizaji anayecheza kama mama. Alikuwa mwanamke mwenye sifa zake, mnyenyekevu, na kwa wiki nzima alikuwa akimfuata mama akijifunza namna ya kuchoka. Alishajifunza kuangusha mabega na kuburuta nyayo.

"Niangalie, dada," alinong'ona. "Hivi?"

"Umezidisha. Ukichoka hivyo unaonekana. Mimi msimamizi akiniona hivyo ananirudisha nyumbani bila mshahara."

"Sasa unachokaje?"

"Kimyakimya. Unafanya haraka zaidi ili umalize."

Mwigizaji alifikiri, akajaribu kukaa haraka. Mama akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu asubuhi.

Baada ya mapumziko mafupi ya maji, Mkia alifaulu kukosa. Mpira ukaingia wavuni, ukadondoka. Mpiga chafya akaunguruma. Watu wakaguna. Lakini mwongozaji aliinua mkono.

"Karibu sana. Ila Mkia, raketi. Umeihamishia mkono wa kushoto mpira ukiwa bado hewani. Ndiyo, mwisho wa mchezo unaihamisha ili umpe mwenzako mkono wa kulia, najua. Lakini mpira haujafika wavuni bado. Mtu atasema ulishajua."

Mkia akaitikia kwa kichwa. Walirudia. Mpira ukaingia wavuni, na raketi ikahama mapema tena. Wakarudia. Ikahama tena.

"Ndivyo nilivyofanya siku ile," Mkia alisema. Alisema kama anayetaja saa.

"Haiwezekani," mwongozaji alisema, si kwa ukali. "Hebu ngoja. Picha za siku ile si tunazo? Mama, njoo tazama na wewe, uwe shahidi."

Kituo cha televisheni kilikuwa kimerekodi fainali yote, na mwongozaji alikuwa na nakala kwenye kompyuta. Alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko alivyotazama harusi yake. Mama hakuwahi. Nyumbani ilipooneshwa aliondoka chumbani, na kwenye filamu hii walimuuliza kila kitu isipokuwa kama ameiona. Wote walidhani hakuna aliyeiona zaidi yake.

Mwongozaji akaisogeza hadi pointi ya mwisho, akaiendesha polepole. Mama akainama juu ya skrini, mikono kwenye magoti.

Mkia wa miaka kumi na minane alirusha mpira juu. Mpira ulikuwa umerushwa vizuri, mahali pale pale alipofundishwa. Magoti yalikunjwa, bega likageuka. Kisha kabla raketi haijagusa mpira macho yalishuka. Hayakushuka kwa mpinzani wala kwa mstari. Yalishuka kwenye wavu, kwenye tundu moja la wavu, kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika koti. Mpira ukapigwa. Mpira ukiwa bado njiani, mkono wa kushoto ukapokea raketi na mguu wa kulia ukaanza safari ya kwenda kumpa mwenzake mkono. Kisha mpira ukagonga wavu. Kisha, baada ya hapo, kutoka safu za nyuma, ikasikika chafya.

"Oho," mwongozaji alisema. "Kumbe kweli. Alihamisha mapema. Na chafya kumbe ilikuja nyuma, hii sikuitilia maanani. Uchovu, nadhani. Mtu akishachoka mwili unatangulia."

"Rudisha," mama alisema.

Akarudisha. Mama akatazama mkono wa kushoto ukipokea raketi. Alikuwa amewaona wageni wa hoteli wakikosa mipira maelfu kupitia dirisha lile, wazee, watoto, walevi, na hakuna hata mmoja aliyekosa bila kutazama mpira umeangukia wapi. Mtu hata akijua ameharibu, hutazama. Ni kama kujikwaa: utageuka uangalie jiwe. Mkia hakugeuka.

Akamkumbuka mtunza bustani, akaona haya ya moto ikimpanda shingoni.

"Hiyo chafya itoeni," alisema.

"Mama, wewe ndiye uliyesema..."

"Nilikosea. Haikuwa chafya. Mwacheni yule baba wa watu apumzike. Na mkono msimwambie kitu. Ndivyo ilivyokuwa."

Mwongozaji alimtazama, akatazama skrini, akaona ni jambo la kufaa kutokuuliza. Akatangaza chakula cha mchana.

Chumba cha kubadilishia nguo cha hoteli kilikuwa na benchi ndefu ya mbao, kabati za chuma zilizopauka, na bomba linalodondosha maji. Mkia alikuwa amekaa benchini anabandua plasta kidoleni. Mama akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Chafya ilikuja baadaye," alisema.

"Ndiyo."

"Ulishajua mpira unakwenda wapi."

Mkia akaikunja plasta mpaka ikawa kidonge. "Nilijua."

"Uliutupa."

"Niliupiga, mama. Kuutupa ningeonekana."

"Usinichezee maneno, we mtoto."

"Sikuchezei. Unaniuliza, nakujibu."

Mama alitaka kukasirika na akaona hasira haiji. Ilikuwa kama kuita mtu ambaye ameshahama. Akakaa upande wa pili wa benchi, kati yao nafasi ya mtu mmoja.

"Si ungeniambia."

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Nilikwambia bega linauma, ukaniletea dawa ya kuchua. Nikakwambia haliumi, sitaki tu, ukasema nimelala vibaya. Nikakwambia tena siku ya nusu fainali, ukampigia simu kocha wa mkoa aje aseme na mimi, akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi mpaka leo sijui alikuwa ananipa moyo au ananifukuza."

Mama akaguna bila kutaka. Yule kocha aliropoka methali kama mtu anayemwaga mchele gizani. Lakini siku ya nusu fainali aliikumbuka. Alikumbuka mtoto amesimama mlangoni mwa chumba cha dobi, anaongea, na mashine inanguruma, na yeye anajibu kwa kichwa huku analisha shuka. Alikuwa amesikia. Hilo ndilo lililomchoma: si kwamba mashine ilimzuia kusikia. Alisikia, akayaweka upande, kama anavyoweka upande nguo yenye doa ili aifue baadaye peke yake.

"Na ndiyo ukaamua kunipiga hivyo? Mbele ya watu wote?"

"Sikukupiga wewe."

"Ulinipiga mimi. Unadhani nani alikuwa anacheza pale?"

Neno lilimtoka, likakaa kati yao benchini, pale penye nafasi ya mtu mmoja.

Bomba likadondosha. Nje, watazamaji wa kulipwa walikuwa wanagombania kivuli na sahani.

"Hata ungeuweka ndani," mama alisema baadaye, "huenda ungeshindwa tu. Yule msichana alikuwa mzuri."

"Huenda. Lakini siku ile nilikuwa namweza, mama. Nilianza kuona kwamba namweza. Ndipo nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kushinda. Nikishinda naondoka. Nikiondoka ndiyo basi, hakuna tena wa kumwambia sitaki."

Mama akatoa simu mfukoni, akaiweka pajani. Mapema siku hiyo kocha wa chuo alikuwa ametuma ujumbe: tunangoja simu yako.

"Na juzi nilipokuuliza habari ya chuo, si ulikubali?"

"Nilisema ukitaka."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja."

"Na leo ulitaka nijue? Huo mkono si ungeuzuia tu. Nisingejua mpaka naingia kaburini."

Mkia akafikiri kwa muda. Alikuwa mtoto wa kujibu kwa kufikiri. Hilo nalo magazeti yaliliita utulivu wa bingwa.

"Mara ya kwanza nilijisahau," alisema. "Zile nyingine sijui. Nilichoka kuuzuia."

Mama alimtazama. Mikono ya Mkia ilikuwa na alama mpya, mikwaruzo midogo ya mabati ya majokofu, kucha zina weusi ambao sabuni ya hoteli yote isingeutoa. Kwa miaka miwili alikuwa akiiita kazi ile ya kupisha muda. Mara nyingine jioni Mkia alirudi na kueleza, bila kuulizwa, jinsi walivyolitafuta tundu linalovujisha gesi mpaka wakalipata, na mama alisema vizuri, umekula?

Sasa hesabu ilikuwa mbele yake na haikuwa ngumu. Akipiga simu na kusema ndiyo, Mkia atakwenda. Hilo hakulitilia shaka hata kidogo. Atafunga mfuko, atapanda ndege, ataamka alfajiri bila kuamshwa, na atapiga mipira ile kwa ustadi uleule wa kumeza maneno. Wala hatalalamika. Na siku moja, kwenye uwanja mwingine mkubwa zaidi, atatafuta tundu jingine kwenye wavu. Mtoto angekwenda kwa sababu yeye amesema. Ubaya wote ulikuwa hapo, na kwa nusu dakika mama aliutamani ubaya huo kama mtu mwenye njaa anavyotamani chakula cha mwenzake.

Akapiga simu.

Kocha wa chuo alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka. "Mama! Nilikuwa nakungoja. Tumeshamwandalia chumba, kwa hiyo..."

"Haji," mama alisema.

"Samahani?"

"Mkia haji. Nafasi mpe mwingine."

"Ameumia?"

"Hapana. Yu mzima."

"Kama ni woga wa kuanza upya, mimi naweza kuongea naye, wengi huwa..."

"Ameshaongewa sana. Hataki."

Kocha akapunguza haraka yake. "Na wewe, mama? Wewe unataka?"

"Mimi nataka," mama alisema. "Nataka sana. Ila anayekuja si mimi."

Kocha alisema maneno ya adabu, akasema kama watabadili mawazo hawezi kuahidi kitu. Mama akasema anaelewa, akamtakia kazi njema, akakata. Simu ilikuwa imepata joto. Aliiweka benchini, kioo kikiangalia chini.

Alikuwa amedhani, kama alidhani lolote, kwamba tendo kama hilo lingemfanya mwepesi. Halikumfanya chochote. Alijisikia kama siku ya kusafisha hoteli nzima, wageni wa mkutano wameondoka, mashuka yote yamekwisha, na mtu anabaki amesimama mbele ya mashine iliyozimwa, mikono bado inatafuta kitu cha kulisha.

Mkia alikuwa analia bila sauti, machozi yanafuata pua. Hakuyafuta.

"Sasa nitawaambia nini wale wa dobi," mama alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Yule mnene ameshashona nguo ya kwenda kukusindikiza uwanja wa ndege."

"Aivae kazini."

"Aivae kazini, na mvuke ule! Itambana mwilini tumkate na mkasi."

Wakacheka wote wawili, kidogo, kwa kuchoka, na kicheko kikakatika njiani.

"Mama."

"Nini?"

"Utanichukia?"

Mama alifikiri. Mtoto alikuwa amemjibu kweli siku nzima. Haikuwa haki kumlipa kwa maneno matamu.

"Leo nimechoka," alisema. "Kesho nitakuchukia kidogo. Keshokutwa tutaona."

Mkia akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepewa makadirio anayoyaona ya haki. Kutoka nje mwongozaji alimwita: jua lilikuwa limehama, vivuli vimeanza kuharibu mpangilio, lazima wamalize. Mkia akainuka, akanawa uso bombani, akachukua raketi. Mlangoni alisita.

"Huji?"

"Nenda. Wanajua wanachotaka."

Mlango ukafungwa. Mama akakaa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya uwanjani tangu mtoto alipoanza kutembea: akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, akajilaza ubavu, mkono chini ya kichwa. Mbao zilikuwa na unyevu. Nje mtu alitangaza ukimya, ukimya ukawa. Raketi ikapiga mpira. Watu wakaguna, pamoja, vizuri, na mwongozaji akasema kwa sauti ya furaha kwamba hiyo ndiyo, hiyo ndiyo yenyewe, asanteni wote, tumemaliza.

Hayo mama hakuyasikia. Alikuwa ameshalala.